Moyo Uzunguke, Vitufe Vitulie

Ndugu, jamaa na majirani, sogeeni karibu, walio nje waingie, simu zinyamaze, maneno haya ni ya bibi aliyemlea marehemu, mimi mjomba nayasoma tu kwa kuwa bibi hakusoma.

Marehemu, tuliyemwita Kidole kwa sababu tangu utotoni hakuona kitu asikiguse, alizaliwa tarehe 9 Machi 1991, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii, mvua ikipiga bati hata mkunga akapaza sauti kututangazia kuwa ni msichana. Alianza shule mwaka 1998, akahitimu masomo ya kompyuta Novemba 2013, na Januari iliyofuata akaajiriwa katika ofisi iliyo juu ya duka la viatu, kutengeneza programu za simu. Tarehe 18 Juni 2016 aliolewa na fundi seremala, ambaye mashangazi walimtania kuwa amejitwalia mke asiyejua jiko linawashwa wapi, wakajaliwa binti mmoja.

Mwaka 2022 daktari aligundua kuwa vali ya moyo wake, kile kilango kinachozuia damu isirudi nyuma, imeharibika, akamchorea bibi kwenye karatasi, bibi akasema, mwanangu, mimi hapa naona kiazi. Marehemu alicheka hadi akakohoa, kisha akaapa kuwa bibi hatamzika bila kujua kilichomuua.

Akatengeneza moyo ndani ya simu, unaozungushwa kwa kidole na kuonekana pande zote, wenye vitufe bapa vya kuufungua na kuufunga, lakini kwanza alivibandika kwenye moyo wenyewe, ukigeuka navyo vinajificha nyuma, bibi akilalamika kuwa vinamkimbia kama vifaranga. Akaviweka mbele, kwenye tabaka lao, mfano wa kioo cha dirisha, vikatulia, ila kioo kikameza kila mguso na moyo ukagoma kuzunguka. Akiwa wodini, sauti imebaki ya kunong'ona, alimwelekeza mwenzake wa kazini afanye kioo kipitishe kila mguso usioangukia kitufe, na tarehe 2 Mei 2024 bibi aliuzungusha moyo, akabonyeza, ukafunguka, akaiona vali isiyofunga, akasema, basi mjukuu wangu, nimeona. Jumapili, tarehe 5, mchana, Kidole akatutoka.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliomwachia kompyuta yake kitandani, majirani waliotubeba siku zote hizi, na wenzake wa kazini.

Kompyuta amepewa yule mwenzake, aikamilishe kazi hiyo kwa ajili ya wagonjwa wengine, kiti alichochongewa na mumewe ni cha binti yake, na simu ni ya bibi, ambaye tangu juzi kila anayekuja kutoa pole humketisha kwanza, akamwonyesha mahali palipoharibika.

Lala salama, Kidole, vitufe vimetulia.