Mama Ritha, Mama Lishe Asiyeweka Karanga

Mwangaluka, wasikilizaji wapendwa. Nawasalimu mlioko Shinyanga, Kahama na Geita, na ninyi mlioweka redio kando ya shimo huko machimboni. Sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Euphrasia, ambaye wengi mlimwita Mama Ritha. Alikuwa mama lishe pale machimboni Nyarugusu. Alikuwa na mzio wa karanga, na mwezi uliopita karanga ndizo zilizomwondoa. Alikuwa na miaka thelathini na moja.

Euphrasia alizaliwa Tinde. Mnajua mambo ya kwetu. Kisamvu kina karanga. Mlenda una karanga. Hata michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tunaitafuna na karanga. Alipokuwa mdogo alipewa uji wenye karanga. Midomo ikavimba, macho yakafumba, vipele vikamjaa mwilini. Majirani wakasema mtoto karogwa. Bibi yake hakubishana nao. Alisema tu, "Huyu ana mwiko wake. Karanga zisiingie tena kwangu." Na kweli, hazikuingia. Miaka ilipita, ndipo daktari akawaeleza kuwa ule ni mzio, wengine mnaita aleji. Mwili wake ulizipokea karanga kama adui.

Akakua, akaolewa na Mihayo, mchimbaji. Siku ya kwanza kula ukweni, kijiji kimoja si mbali na Buzwagi, aliuliza kama mboga ina karanga. Mama mkwe wake, Mama Martina, alikasirika. Nilimtembelea wiki iliyopita, nikampa shikamoo yake, akaniambia mwenyewe bila kujificha: "Nilijiuliza, mkwe gani huyu anakagua chungu changu? Nikamwambia, kula mwanangu, karanga zenyewe kidogo tu."

Euphrasia akala kwa heshima. Matonge mawili. Akaanza kukohoa, sauti ikakauka, akakimbizwa hospitali kwa bodaboda, Mihayo nyuma amemshikilia asianguke. Akachomwa sindano, akapona. Mama Martina alikaa kando ya kitanda analia. Na unajua nani aliomba radhi kwanza? Ni mgonjwa. Alisema, "Mayu, nisamehe kwa usumbufu." Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma. Tangu siku ile Mama Martina alikuwa mlinzi wake. Mgeni akija na karanga, anaziacha nje ya ua.

Huko Nyarugusu, wasikilizaji, Mama Ritha alipika chakula cha kusifika. Wali maharage, ugali na sato, kisamvu cha nazi. Karanga hakuna. Wachimbaji walimtania, "Mama Ritha, weka karanga hata za kunusa!" Naye anajibu, "Nikinusa mimi, kesho utapikiwa na nani?" Wanacheka, wanakula.

Aliishi na mzio wake hivyo, kwa uangalifu wa kila siku. Safarini alibeba chakula chake na kijiko chake. Aliuliza kabla ya kuonja. Aliwasaidia na wengine. Marwa, anayefanya kazi kwenye karasha, pale mawe yanaposagwa, alikuwa anapiga chafya mfululizo, macho mekundu, pua inatiririka. Marwa anasimulia: "Aliniambia nilowanishe mawe kabla ya kusaga, nifunge kitambaa, nioge na kubadili nguo kabla sijalala. Blanketi nilianike juani. Na kifua kikibana niende zahanati, nisingoje. Mimi yule dada alinipa usingizi."

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Nivumilieni, ni ngumu kuisema.

Wifi yake, Melania, alikuwa anaolewa. Sherehe ilikuwa mchana, pale pale ukweni. Mama Martina alimpikia Euphrasia chungu chake, mbali na vingine. Kisamvu kisicho na karanga. Watu walikuwa wengi, vijiko vikapungua. Mtu mmoja akachota kwenye sufuria yenye karanga, kisha akachovya kijiko kile kile kwenye chungu cha Euphrasia. Hakujua. Mama Martina anasema, "Sijamtafuta mtu huyo. Sitaki kumjua. Atalibebaje jambo hili?"

Euphrasia alikula kidogo, akasimama. Akashika koo. Melania alimwona kutoka kwenye kiti cha bibi harusi. "Nilimuuliza kwa macho, wifi, kuna nini? Akatabasamu, akanipungia mkono. Nikajua yuko salama." Euphrasia alimeza kidonge cha mzio alichotembea nacho. Akamwambia jirani yake, "Nimechoka, najinyoosha kidogo." Akaingia chumbani, akafunga mlango. Hakutaka kuharibu siku ya wifi yake.

Nje ngoma ililia. Mihayo alicheza. Walipoitwa mawifi waje kumtuza bibi harusi, Euphrasia hakutokea. Mihayo akaenda kumwita, akamkuta amelegea kitandani.

Walimkimbiza kituo cha afya kwa gari la maharusi, maua bado yako mbele. Mganga alimchoma sindano. Alijaribu sana, wasikilizaji. Walikuwa wamechelewa.

Mganga ameniomba nirudie hili, nami narudia. Kidonge cha mzio kinatuliza muwasho, vipele na mafua. Koo likivimba, pumzi ikibana, au mtu akilegea, kidonge hakitoshi. Ni hospitali, na ni mara moja. Anahitaji sindano ya adrenalini. Msimwache peke yake.

Mihayo aliniambia neno moja tu kuhusu binti yao Ritha, mwenye miaka sita. "Kila nikipakua, ananiuliza, baba, hiki mama anaweza kula? Namwambia anaweza."

Pole, Mihayo. Pole, Ritha mwanetu. Pole, Mama Martina, ulimpenda mkwe wako, na yeye alijua. Pole, Melania, usijilaumu kwa tabasamu lile. Poleni watu wa Tinde, poleni wana Nyarugusu. Mungu ampumzishe Euphrasia pema.

Na sisi tuliobaki, tutafakari. Mgeni akisema chakula hiki hakinifai, usimlazimishe, usimwite mwenye maringo. Nawe mwenye mzio, sema. Piga kelele, hata kama ni harusi, hata kama ni msiba. Harusi itasubiri. Na mchana wa leo mtakapokuwa mnakula, mkimwona mtu ameinuka kimya kimya akaenda kulala, mfuateni.