Aliyetufunza Kupanga Foleni: Bi Jawaher bint Awadh Anastaafu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutoa funguo za nyumba za watu, Bi Jawaher bint Awadh atafunga droo ya meza yake Alkhamisi, tarehe 30 Aprili 2026, na kustaafu. Wasifu wake wa Kiarabu umo ukurasa wa nyuma wa jarida hili. Umeandikwa na wakubwa na una adabu zote. Huu wa Kiswahili ameutaka mwenyewe, akamwagiza mtu wa dawati la mikataba auandike, kwa sharti moja: kosa lake lisifichwe. Atakayeona yamezidi, basi lawama ampe yeye.

Alianza mwaka 1995 katika ofisi yetu ya zamani ya upangishaji wa nyumba, Darsait hapa Maskati, chumba kimoja juu ya karakana ya betri za magari, akiwa mpiga chapa. Simu zilikuja kwa kila lugha, na yeye, binti wa watu waliorudi kutoka Unguja, alimjibu kila mtu kwa lugha yake. Ofisi ilipohamia Mawaleh alihama nayo, na baada ya miaka michache akawa mkuu wa upangishaji. Hakuna nyumba iliyopangishwa kabla hajaikagua. Alifungua mifereji yote ya jikoni na bafuni, akavuta maji ya choo, kisha akakaa kitako sebuleni dakika tano kusikiliza kelele za majirani. Mafundi walimwogopa kuliko jua la Julai.

Wenye asili ya Zanzibar hawahitaji kuelezwa swali lake la kwanza. Mtu akifungua mdomo tu kikatoka Kiswahili, Bi Jawaher huuliza, "Wa kwa nani wewe?" Hapo hutajwa baba, babu na mtaa, na hazipiti dakika kumi ila imegunduliwa harusi waliyokutania au shangazi wa pande zote mbili. Ilikuwa raha kuwasikiliza. Ilikuwa pia, tuseme kweli, ndiyo njia yetu ya kugawa nyumba. Anayejulikana alipata fleti yenye upepo, na asiyejulikana aliambiwa imeshachukuliwa. Hatukuona ubaya wowote, maana sisi sote tulikuwa tunajulikana.

Mwaka 2011 aliingia Wilkister, Mkenya wa Kisumu, msimamizi wa dobi katika hoteli moja ya jirani. Alikuwa akiishi chumba cha kazini na alitaka fleti ya vyumba viwili ili amlete binti yake Carol, wa miaka saba, aliyeachwa kwa bibi yake. Bila mkataba wa nyumba uliosajiliwa, mtoto asingepata kibali cha kukaa naye. Bi Jawaher alisikia Kiswahili, akachangamka, akauliza swali lake. Wilkister akajibu kwamba hapa Maskati yeye hana kwao. Fleti ilikuwa tupu na ufunguo ulikuwa ndani ya droo. Bi Jawaher akamwambia imechukuliwa. Jioni ile ile ufunguo alipewa jamaa wa Bwana Ghanim, mhasibu wetu wa wakati huo, ambaye alifika saa tano nzima baada ya Wilkister.

Mwaka uliofuata Wilkister alirudi. Hakuja kugombana. Alisimama mbele ya meza akasema, "Mama, mwenzangu wa kazi anaishi kwa hilo jengo. Siku ile mliniambia nyumba imeenda, ilikuwa tupu. Mtoto wangu amemaliza mwaka mzima bila mimi. Leo kuna ingine, ama nirudi tu?"

Sote tulikuwepo. Bi Jawaher aliinuka, akaenda kunawa uso, akarudi macho mekundu. "Nilikudanganya, mwanangu," alisema, kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Nyumba ilikuwepo. Nnakuomba radhi." Kisha akafungua droo, akatoa ufunguo wa fleti ya ghorofa ya tatu na kumpeleka mwenyewe kwa gari lake. Mkataba ulisajiliwa wiki ile ile, na Carol alifika kabla ya skuli kufunguliwa.

Aibu ile ingeweza kuishia hapo. Bi Jawaher aliigeuza kazi. Kesho yake alikuja na daftari kubwa la jalada gumu lenye safu nne: namba, jina, saa aliyofika mtu, na nyumba anayotaka. Safu ya mtu ametoka wapi haikuwemo. Wa kwanza kufika atakuwa wa kwanza kuoneshwa, na nyumba haichukuliwi mpaka mtu ametia saini. Lile swali lake hakuliacha, angekufa kwa kiu, ila alilihamisha: siku hizi huliuliza ufunguo ukishakuwa mkononi mwa mpangaji. Ameshagundua undugu na watu wa Mombasa, wa Bujumbura, na mmoja wa Ibri, mji wa bara ya Omani, ambaye hajui Kiswahili hata kidogo.

Kazi ngumu ilikuwa wenye majengo. Walikuwa kumi na mmoja, na kumi waliukubali utaratibu baada ya kuchoshwa na simu zake. Wa kumi na moja, Bwana Sinan, alikataa katakata. Jengo lake, alisema, watu wake kwanza. Bi Jawaher hakubishana. Alitia funguo nne za fleti zake zilizokuwa tupu ndani ya mkebe wa halua, akampelekea barazani kwake mbele ya wageni, akanywa kahawa yake taratibu, akaondoka. Tulidhani tumempoteza mteja, na bosi wetu alidhani hivyo kwa sauti kubwa.

Ndani ya wiki tatu jamaa kumi na wanne walikwisha kumjia Bwana Sinan, na wote walitaka fleti moja, ile ya ghorofa ya kwanza inayoelekea bustani. Dada zake wawili waliacha kuamkiana. Mama mkwe wake alihamia kwake kwa muda, kusubiri jibu. Siku ya ishirini na mbili alitokea ofisini mwenyewe na mkebe ule ule, safari hii una halua juu ya funguo. "Chukua, Bi Jawaher," alisema. "Mimi nnataka kulala. Waambie daftari ndilo lililokataa." Halua ile tuliila sote, na ilikuwa tamu sana.

Leo utaratibu wa daftari unafuatwa katika majengo kumi na tisa, kutoka Mawaleh hadi Darsait, na ofisi mbili za wenzetu zimekuja kuunakili. Bi Jawaher amefundisha wafanyakazi saba, wote wakali kama yeye. Wilkister bado yupo ghorofa ya tatu, na Carol alihitimu uuguzi mwaka jana. Tumeshinda, jamani, na tunajisifu bila haya.

Limebaki moja. Magoti ya Bi Jawaher hayataki tena ngazi za nyumba yake ya Seeb, kwa hiyo Januari aliomba fleti ya chini kwetu. Mwandishi wa wasifu huu alijaribu kumwandika wa kwanza, akakaripiwa mpaka masikio yakapata moto. Bi Jawaher akaandikwa wa tisa. Wiki iliyopita fleti ya chini ilipatikana, na zamu ilikuwa ya mtu wa nane: Enos, fundi bomba kutoka Kakamega, anayesubiri mke wake. Alipojua ni nani aliye nyuma yake alisema atampisha. Bi Jawaher alimtazama kama aliyetukanwa. Akamtia ufunguo mkononi, akamfunga vidole juu yake, akampeleka kuikagua mifereji.

Bi Jawaher, ahsante kwa miaka yote, kwa makaripio yote, na kwa ujasiri wa kuomba radhi mbele yetu. Mungu akupe afya, raha na siku ndefu na wajukuu zako. Fleti ya chini ikipatikana tutakupigia simu. Anayefuata ni wewe.

Khattab, dawati la mikataba