Mikate Iliyoungua Mwisho wa Mwezi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni mketi nasi. Leo tunamkumbuka muoka mikate aliyetutoka wiki iliyopita. Wengi hamkumjua, ila mkate wake mmeula. Kazini walimwita Hamira.

Nilitaka kujua jambo moja: muoka mikate hulipwa nini, na mshahara wake humfikisha wapi? Mjane wake alicheka. "Wa kwake ulikuwa unakata roho katikati ya mwezi," aliniambia. "Ukitoa kodi ya nyumba na karo, kinachobaki ni harufu ya mkate kwenye shati lake."

Mganga hajigangi, wasikilizaji. Mkate mzima ulikuwa wa dukani. Uliokuwa wa waokaji ni ule ulioungua. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya pale: ukiungua, beba nyumbani.

Sasa ajabu ni hii. Mwanzo wa mwezi, tanuri lilikuwa na adabu zake. Mwisho wa mwezi lilipandwa na wazimu! Mwenzake mmoja, waliyembandika jina la Moshi, alikuwa akiunguza mikate kama aliyelipwa kuunguza. Watoto wake walikuwa wanashiba.

Hamira hakuunguza. Alijua kwa pua tu mkate umeiva. Jina lake lilikuwa mkono wake, na hakutaka kulichafua. Kwa hiyo watoto wake walilala na chai kavu. "Nilimwambia, baba nanii, heshima hailiwi," anasema mjane. "Akaninunia siku mbili."

Kisha kitinda mimba wao akaenda kuomba mkate kwa kina Moshi. Hamira akapata habari. Kesho yake alisimama mbele ya tanuri, akasikia harufu ya mkate ulioiva, na hakufungua mlango. Moshi ndiye aliyenisimulia. Anasema macho ya Hamira yalikuwa yamejaa machozi, na moshi ulikuwa bado haujatoka.

Tajiri, mwenye tanuri, alikuja mbio. "Hamira! Hata wewe? Imekuwaje?"

"Nimeiunguza kwa makusudi, tajiri," akajibu. "Mshahara wako umekwisha, na mwezi haujaisha."

Wenzake walijua kibarua chake kimeota nyasi. Lakini Moshi naye akasema, "Hata mimi." Mwingine akasema, "Na mimi." Tajiri akawatazama mmoja mmoja, akashika kiuno. "Kumbe miaka yote hii nawalipa kwa makaa!"

Aliongeza mshahara. Si mwingi, tusidanganyane. Ila tangu siku hiyo kila muoka mikate aliondoka na mkate mzima, mzuri, wa kwake.

Binti mkubwa wa Hamira anaikumbuka jioni ile. Baba aliweka mezani mkate wa rangi ya dhahabu, bado una joto. Watoto wakaunyooshea mikono. Mama akawazuia.

"Baba nanii," akauliza kwa sauti ya chini, "umeiba wapi?"

"Baba alicheka mpaka akakaa chini," anasema binti. "Halafu nikaona analia."

Kwa mjane, watoto na wenzake wa tanurini, poleni sana. Mungu awape subira. Nasi tuliobaki, tujiulize: wanaotulisha, wao wanakula nini? Na wakifika nyumbani na kilicho chao kwa haki, mbona wa kwanza kushtuka wawe wake zao?