Mzee Chini Anaondoka, na Sisi Bado Tumeduwaa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukwangua, kupiga msasa na kupaka vanishi milango ya nje iliyochakazwa na jua na mvua, Mzee Chini anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Mimi niliyepewa kazi ya kuandika haya ndimi fundi wa bawaba hapa karakana, na mpaka sasa siamini.

Jina hilo tulimpa sisi. Mlango ukikamilika, unang'aa hadi unaiona sura yako, yeye swali lake lilikuwa moja tu: chini je? Ukingo wa chini hauonekani na mtu, lakini ndiko maji yanakoingilia. Ukiuacha mkavu, bila vanishi, miaka miwili haiishi mlango umevimba na vanishi inabanduka. Tulimtania weee, tukachoka. Hakuna mlango wetu uliotoka bila kupinduliwa mbele yake. Mkuu wa karakana mwenyewe aliwahi kushushishwa mlango wa mama mkwe wake, akiwa ameshaupakia garini! Milango ya mzee, sasa, nani angethubutu kuikagua? Ungeanzia wapi?

Basi fikiria Jumatatu ile ya mwezi uliopita. Tuko na vikombe mkononi, mzee akasimama, akatuambia kuwa mlango wa zahanati tuliokwenda kuupachika juzi yake hakuupaka chini. Amesahau. Jamani! Nilipaliwa na chai. Mkuu akasema yaishe, nani ataona? Mzee alichukua bisibisi na brashi, akaenda kuushusha peke yake, wagonjwa wakimkodolea macho. Aliporudi aliandika barua ya kustaafu, miaka minne kabla ya wakati wake. Mkuu akaichana. Mzee akaandika nyingine.

Tangu siku ile hajashika brashi. Alituomba jambo moja tu: tuikague milango mingine yote ishirini na miwili aliyoipaka mwaka huu. Kila asubuhi ameuliza, na kila asubuhi tumejifanya tuna kazi nyingi. Uongo mtupu. Tulishaimaliza zamani, kwa kupitisha kioo kidogo chini ya kila mmoja.

Wenzangu walinisihi nisiliandike hili. Naliandika, kwa sababu wewe, mzee, hukutuficha. Mzee wetu, mitano ilikuwa mikavu chini. Mitano! Kwenye mlango wa tano nilikaa kizingitini nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Tumeishusha yote mitano, tumeipiga msasa, tumeipaka vanishi chini mara tatu, na imekauka. Mkuu ndiye aliyeshika brashi, na hakuna aliyemlazimisha.

Asante kwa kutufundisha kazi, na kwa kusema ukweli siku ambayo hakuna aliyekuuliza. Tunakuombea afya, wajukuu wasumbufu na usingizi mnono. Mvua ikinyesha, wewe lala.