Robine Iliyo Uani Kwangu

Karibieni, watoto wangu, muache viti na mukae hapa hapa kitandani, kwa maana sauti yangu imekuwa fupi, haifiki tena mulangoni. Julie, wewe uliyetoka Himbi na viatu vya ofisi, vivue. Munezero, wewe unayelala chumba cha pili na bado unapitia nyuma ya nyumba ili usikutane na dada yako, keti upande huu. Nimengoja siku ambayo mungekuja pamoja bila kuitwa na ugonjwa wangu, na siku hiyo haikufika. Basi ugonjwa na ushukuriwe. Sikilizeni, wala musinikatize, maana nikikatika sijui kama nitaunganika tena.

Muliyogombania nayajua, na mutaa muzima unayajua. Ofisi ya muji imesema sanduku ni tupu, vita vimefunga barabara na kodi haziingii, na kwa hiyo msaada wote wa mashirika ya mitaa ukatwe, pamoja na mafuta ya ile pampu inayopandisha maji hadi kwetu. Wewe Julie unafanya kazi katika chumba kile kile ambamo bajeti inapangwa. Wewe Munezero ni prezida wa shirika la avenyu yetu, na uliposikia habari hiyo ulikwenda kwenye redio ukasema, na Ndosho yote inasikia: "Mwanamuke aliyekata maji yetu alikuzwa na maji haya haya." Jina hukulitaja. Lakini nani hapa asiyejua binti wa Béata anafanya kazi wapi? Tangu siku ile mama anayeuza ndizi karibu na kanisa ananisalimia huku anatazama ndizi zake.

Kabla sijasema neno juu ya hilo, niwarudishe kwanza nyuma, maana wazee wetu wa Rutshuru walisema maji hata yakichemka hayasahau kwamba kwao ni baridi.

Papa yenu Nzabonimpa alinitoa Kiwanja, kule Rutshuru, nikiwa ningali musichana, tukaja Goma juu ya lori la maharage, mimi nimeketi juu ya magunia na yeye amekumbatia kichwa cha cherehani yake kama mutu aliyebeba mutoto mugonjwa. Alishona Birere, barazani kwa nyumba yetu ya mbao, na Jumapili baada ya misa tulishuka hadi ziwani, nyinyi mumevaa nguo alizowashonea kwa mabaki ya liputa, vitenge vya wateja, tukala sambaza, visamaki vya ziwa vya kukaanga, kwa mikono, mafuta yanashuka hadi kwenye viwiko. Ah, Goma ile! Ilikuwa muji wa kutembea kwa miguu. Mutu alikusimamisha njiani akauliza habari za mama yako Kiwanja, na aliuliza ili ajue, si ili apite. Nikifumba macho hapa naisikia cherehani ile, na sauti ya papa yenu akiimba kwa pua kwa sababu mudomo umebana pini.

Kisha mulima ukapasuka. Julie, ulikuwa umeanza kuwa musichana. Munezero, ulikuwa mutoto wa shule. Siku zile waasi ndio waliotawala, na tulizoea kuogopa watu, hatukuwa tumezoea kuogopa ardhi. Moto ulishuka barabarani kama uji mweusi wenye moyo mwekundu, polepole, bila haraka, kama mutu anayejua kwamba nyumba anayoiendea ni yake. Papa yenu aliifunga cherehani juu ya chukudu ya jirani, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, tukasukuma hadi Gisenyi, ng'ambo ya mupaka, katikati ya watu wasio na hesabu, na tuliporudi mawe yalikuwa bado na joto, soli za kandambili zangu zikalainika kama ubani. Hapakuwa na nyumba. Palikuwa na jiwe jeusi. Nzabonimpa akapanda juu yake, akatazama huku na huku, akaniita: "Béata, njoo uone. Hapa nilipokanyaga, chini yangu ni kitanda chetu." Akacheka. Nilitaka kumupiga, kisha nikacheka naye, kisha tukalia.

Ndivyo tulivyokuja Ndosho, kwenye kiwanja hiki ambacho hakuna aliyekitaka, mawe ya moto wa zamani, hata kunguru hakupata pa kuchokoa. Hapo ndipo nilipomukuta Kasoki, Mama Kasoki wa Butembo, ambaye duka lake la liputa lilikuwa limezikwa kama nyumba yetu. Alikuwa peke yake na nyundo, anapasua jiwe katikati ya njia. Nikamuuliza anajenga nini. Akasema: "Sijengi. Natafuta pa kupitisha chukudu." Nikaenda kuazima nyundo.

Hilo ndilo shirika, watoto wangu. Halikuanza na muhuri. Lilianza na wanawake wawili, kisha waume zao wakaona haya, kisha avenyu yote. Kila Jumamosi tulifanya salongo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, tukapasua mawe huku tukiimba, Wanande, watu wa kwao Kasoki, wakiimba zao na sisi zetu, na muchana tulikula sombe ya majani ya muhogo kutoka chungu kimoja. Muji haukutupa hata msumari. Tulikwenda kuomba tukaambiwa muji hauna kitu, na ilikuwa kweli. Njia ikafunguka. Siku chukudu ya kwanza ilipopita kutoka mwanzo wa avenyu hadi mwisho bila kuinuliwa, papa yenu aliacha kushona akakimbia nyuma yake na futi shingoni, anapiga makofi kama mutoto. Mukiniuliza ni lini nilikuwa tajiri, nitasema ni siku ile.

Nipe maji kidogo, Julie. Kidogo tu. Aksanti.

Baadaye amani ikaja, amani ya kiraka lakini amani, watu wakapiga kura, na muji ukapata kitu. Wakatuletea bomba, wakauliza robine ya kuchotea maji iwekwe wapi, na papa yenu akasema: uani kwangu, karibu na njia, na ukuta nitaubomoa. Wakaanza kulipa mafuta ya pampu, na juu yake wakaongeza pesa kidogo ya komite. Hapo mimi na Kasoki tukakosana. Yeye alisema: "Béata, mafuta tuchukue, lakini pesa ya komite tuirudishe. Itatufunga mudomo, na itawaleta watu ambao hatukuwaona kwenye mawe." Mimi nilisema mukono unaokupa haupigwi. Akatoka katika mukutano na wenzake, wakaanzisha shirika lao avenyu ya pili, na kwa miaka mingi tulipitana kanisani kama watu wanaopishana na gari.

Na aliyoyasema yalitokea, siwafichi. Walikuja watu wenye makoti, wakataka viti, wakagombea nani awe prezida na nani awe makamu. Salongo ikafa. Ukimuambia kijana aje tupasue jiwe, anakujibu: "Muambie komite, si wao wanaolipwa?" Nyimbo zile zikaisha kabla waimbaji hawajaisha. Kwa hiyo Julie, wanaosema katika ofisi yenu kwamba pesa ya muji huharibu mashirika, hawasemi uongo. Niliona kwa macho yangu.

Lakini nililoliona baadaye pia lilikuwa kweli. Waasi wengine wakaja, wakaingia muji, umeme ukakatika, na ofisi ikaacha kulipa mafuta. Robine ikakohoa siku mbili kisha ikanyamaza. Watu wakashuka ziwani na bidoni, madumu yao ya maji, wakanywa kama yalivyo, na kipindupindu kikapanda nao kutoka ziwani kama mugeni aliyebeba muzigo wake mwenyewe. Nilikwenda ofisini na akina mama wanne. Yule mukubwa hakuwa mubaya, macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alituambia: "Mama, muji hauna kitu. Nyinyi mulianza bila sisi. Endeleeni bila sisi." Alitaka kutusifu. Lakini jiwe unaweza kulipasua kwa nyundo na wimbo. Maji hayapandi kilima kwa wimbo.

Niliporudi papa yenu alikuwa amelala pale barazani, midomo imekauka. Alikuwa amewapa wateja wake maji yaliyochemshwa, yeye akanywa yaliyobaki. Kabla jua halijashuka hakuweza tena kuniita jina.

Munezero, usigeuze uso. Ulikuwa pale, ulimushika miguu.

Ni nani aliyefika asubuhi yake? Kasoki. Alikuja na chukudu zote za avenyu yake, zimejaa bidoni, na wanawake wenye dawa ya kutia katika maji, dawa waliyoichangia wenyewe. Hakusema pole. Aliingia ndani, akafunga liputa kiunoni, akapanga kila kitu mimi nikiwa nimekaa kama gunia. Siku zile chukudu zake zilipanda na kushuka, na watoto wengi wa avenyu hii wanaoitwa leo baba na mama wangekuwa katika makaburi kama si yeye. Matanga yalipokwisha nikamuambia: "Kasoki, ulishinda. Uliweza bila pesa yao." Akanitazama kwa hasira, macho yamejaa maji. "Nani ameshinda? Nimezika watu watano katika avenyu yangu. Chukudu yangu inaleta bidoni, haileti muto. Béata, miye nilikataa pesa ya viti. Mafuta ya pampu sikuyakataa hata siku moja."

Basi nilikuwa nimejipanga niwaambie hivi: Julie, urudi ofisini ukawaambie wakate viti, wakate makoti, wakate sherehe na pesa ya komite, lakini mafuta wasiyaguse, maana shirika ni mikono, na hata mikono hodari hainyweshi mutu bila maji. Na nilikuwa nimejipanga kukukaripia, mwanangu, kwa sababu mutoto aliyekuzwa na robine ile alikaa katika mukutano akanyamaza.

Unatikisa kichwa. Sema. Sema kwa sauti, masikio yangu nayo yanaondoka.

Unasema nini? Hukunyamaza?

Ngoja. Rudia, ndugu yako asikie. Unasema ulisimama katika mukutano ule, ukawaambia papa yako alikufa kwa nini, ukaomba mafuta yabaki. Wakapiga kura, ukashindwa, ukabaki peke yako? Na tangu siku ile hukusema nyumbani kwa sababu mambo ya mukutano hayatolewi nje, na ungesema ungefukuzwa? Na ndugu yako alipokutangaza kwenye redio, ulikuwa ofisini, redio iko mezani, wenzako wanakutazama?

Oh, Julie. Oh, binti wa Nzabonimpa.

Munezero, unasikia? Usinitazame mimi, mutazame yeye. Ulimurushia jiwe mutu aliyekuwa amesimama mbele yako akipokea mawe mengine. Lia, hakuna anayekuona hapa ila sisi.

Basi maneno niliyoyapanga nayaacha, nasema mapya, na nguvu niliyokuja nayo imekwisha nusu, kwa hiyo yashikeni upesi. Munezero, mudomo uliosema kwenye redio ndio utakaoomba musamaha kwenye redio, kwa jina lake na kwa jina lako. Pesa ya komite uirudishe, tangu mwezi huu, kabla hamujaomba kitu kingine. Anayeomba mafuta asiende na mufuko uliojaa. Kisha iteni salongo. Iteni avenyu yote, na avenyu ya Kasoki, mushuke pamoja hadi ofisi ya muji, bila fujo, bila kumutukana mutu, mukakae pale muombe kura irudiwe. Julie, wakiuliza ni nani aliyetoa siri ya mukutano, usijibu wewe. Watu wa avenyu watajibu kwamba Béata amesema, na mimi sifukuzwi na mutu. Wakikataa, rudini tena. Sanduku likiwa tupu kweli, mulifungue muone, muchague pamoja nini kife na nini kiishi. Mutu anayechagua peke yake katika chumba kilichofungwa, hata akiwa mwema, huchagua vibaya.

Nyumba hii ni ya Munezero na muke wake. Cherehani ni ya Julie, hata kama hajui kushona; atajifunza, au ataitazama. Lakini ua, kutoka ukuta uliobomolewa hadi njiani, si wa mutu. Si wa muji, si wa prezida, wala musiuuze hata mukikosa chumvi. Muuandike kwa jina la avenyu.

Deni nina moja, kwa Kasoki. Alimutayarisha papa yenu vizuri kwa maziko. Siku yake ikifika, nyinyi wawili ndio mutakaochimba na mutakaopika, musiwaachie watoto wake. Naye musimuite jirani. Ni mama yenu mudogo.

Sasa... pumzi inapanda ngazi. Musiniitie daktari, muniitie padri, na muache mulango wazi.

Mungu wa baba zenu awape njia inayopitika. Awape mikono mingi, na kitu cha kushika mikononi. Awanyime kiburi. Awape... awape watu wa kuwauliza habari wakitaka kujua. Uzazi wenu usikauke. Mukigombana, na mutagombana, mugombane mukiwa mumeketi karibu hivi.

Munezero, mukono wangu umekuwa muzito, hauinuki. Uinue wewe. Uuweke kichwani kwa dada yako... hivyo... Julie, na wewe uuchukue, umuwekee yeye.

Hivyo. Uacheni hapo kidogo.