Sifa Alizozifuta Adalbert Kahindo

Baba Paroko, ndugu wa familia, majirani wa Mapendo, nanyi wanamuziki mliokuja na zile nguo zenu nyeusi ambazo leo hazimshangazi mtu, mimi ni Kasoki, mdogo wake marehemu. Familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu Adalbert Kahindo, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, kwa sababu yeye mwenyewe hakuvumilia mtu kusifiwa bure.

Adalbert alizaliwa Butembo tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa marehemu papa yetu, aliyekuwa mfanyabiashara wa maharage katika barabara ndefu, na wa Mama Kanyere, ambaye ameketi hapa mbele yetu na ambaye hakupaswa kamwe kuiona siku hii. Alisoma shule ya msingi na ya sekondari huko huko Butembo, akapata diploma ya serikali katika umeme mwaka 1990 kwa asilimia hamsini na saba, namba aliyoitaja kila mara watoto wake walipoleta bulletin ya alama za shule nyumbani, kana kwamba tangu wakati ule hakuna mtu mwingine aliyewahi kuifikia.

Mwaka 1993 alihamia Goma, akafungua karakana hapa mtaani Mapendo ya kutengeneza redio na ampli za kukuzia sauti, na ni kazi hiyo iliyomwingiza katika muziki uliomletea sifa na maadui. Parokia ilimletea ampli ya kwaya, iliyokuwa ikinguruma na kukwaruza kila gitaa likiguswa, akaitengeneza vizuri kama alivyoombwa, kisha akarudi nyumbani amenuna, akatuambia kwamba ameponya kitu ambacho hakikuwa na ugonjwa. Tangu siku hiyo alitafuta ule mngurumo kila mahali, kwa vijana wa roki na panki wa mji huu, kwenye viwanja, kwenye vyumba vya mazoezi vyenye kuta za mbao, na alipoupata alifurahi mpaka akasahau kula.

Tarehe 15 Julai 2000 alifunga ndoa takatifu na Mama Espérance Mukamazimpaka, binti wa Rutshuru, mwanamke mwenye subira, na mtaelewa kwa nini nasema subira mkikumbuka sauti iliyokuwa ikitoka katika nyumba ile. Mungu aliwajalia watoto wawili, Daniella, aliyezaliwa mwezi wa tatu mwaka 2002, wakati mawe ya volkano yalikuwa bado na joto mjini, na Lévi, aliyezaliwa mwaka 2005.

Kuanzia mwaka 2004 Adalbert alikuwa na kipindi cha Jumamosi katika redio moja ya mtaa, kipindi cha kupima bendi za hapa, maonyesho yao na disiki zao, na wengi wenu mliopo mlipimwa humo mkatoka na majeraha. Kuhusu bendi ya Zéro Courant alisema wanapiga kama watu wanaohama nyumba huku mvua ikinyesha, kisha akaeleza kwa nusu saa kwa nini hilo ni jambo jema. Kuhusu disiki ya bendi ya Mawe Meusi alisema ina nyimbo saba za kusikiliza na tatu za kuombea msamaha, na aliamini kwamba disiki isiyosikika jenereta hata kidogo imerekodiwa katika mji mwingine. Bendi iliyosimama kati ya nyimbo mbili kushukuru viongozi, mmoja baada ya mwingine, kwake ilikuwa imekwisha hata kama ingepiga namna gani.

Lakini alikuwa na sheria moja, na lazima niieleze, kwa maana imetutesa kama familia. Mwaka 2009 alisifu redioni bendi ya binamu yetu Josias, kwa undugu tu, ikapiga vibaya mbele ya umati, na kijana mmoja akamfuata pale pale, akamwambia, "Muzee, tumetoka Mugunga na miguu, kumbe ulitudanganya juu ni ndugu yako?" Siku ile ile Adalbert aliapa kwamba hatasifu redioni kazi ya mtu wa damu yake mpaka afe.

Ndipo Daniella alipokua, akaanzisha na wenzake bendi ya panki inayoitwa Makala Mabichi, yeye akiimba, Benny akipiga ngoma, Gradi gitaa. Baba yake aliwatengenezea nyaya, akawapa ampli, akawafukuza karakanani walipozidisha, lakini redioni hakuwataja hata kwa jina. Mwezi wa pili mwaka 2023 vijana hao walirekodi wimbo mmoja, Gradi akaupeleka redioni ndani ya flashi bila kuandika jina la bendi, na katika wimbo huo Daniella alipiga kelele kwa Kinande, Kinande cha zamani alichofundishwa na bibi yake Kanyere jikoni, saa ambazo sisi sote tulidhani wanachambua maharage. Adalbert alikuwa ameshakata tamaa kwamba watoto waliozaliwa Goma wataijua lugha yetu, wanaongea Kiswahili na kile Kinyarwanda cha mama yao basi, kwa hiyo alipousikia, sauti ya mwimbaji ikiwa imezama katika mngurumo, alijiambia kwamba hao ni vijana wa Butembo. Jumamosi tarehe 18 Februari aliupiga mara mbili mfululizo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema hewani kwamba hajasikia kitu kama hicho tangu afike mji huu, na kwamba Butembo imekuja kufundisha Goma kupiga kelele. Watu wa Butembo wanaoishi hapa walipiga simu kushukuru, wengine wakidai kwamba mwimbaji wanamfahamu.

Alifika nyumbani akiimba wimbo huo, na Mama Espérance akamwambia kwa upole, "Papa Daniella, ule ni mutoto wako."

Jumamosi iliyofuata alirudi redioni, akasema kwamba sifa alizozitoa alizitoa bila kujua, mwimbaji ni damu yake, hivyo anaziondoa, na wasikilizaji wasizihesabu. Daniella alisikiliza akiwa na wenzake, na baba yake alipoingia nyumbani alimwambia maneno ambayo mimi nilikuwepo nikayasikia, "Basi Papa, afazali ningezaliwa kwa jirani." Hawakugombana tena, walikula meza moja, walicheka pamoja, lakini tangu siku ile hakumruhusu baba yake kuja kumsikiliza, na jambo hilo lilimuuma Adalbert kuliko ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe, wa ini, ulianza mwezi wa tisa mwaka 2024. Alitibiwa hapa Goma, katika miezi ile ya vita ambayo ninyi nyote mnajua mji wetu ulipita wapi, akalazwa hospitali ya Keshero, na Daniella ndiye aliyemwogesha na kumlisha mpaka mwisho, bila kugusa habari ya wimbo ule. Aliaga dunia Jumanne tarehe 10 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, anaacha mama, mjane na watoto wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hata dawa zilipokuwa adimu, majirani wa Mapendo waliotuletea maji, makala ya kupikia na viti, wenzake wa redio, hasa Paulin, fundi wa mitambo, na ninyi wanamuziki wote, pamoja na wale waliokuja kuhakikisha kwamba kweli amenyamaza.

Ningepaswa kumalizia hapo, lakini nina ujumbe. Wiki tatu kabla ya kufariki aliniita kitandani, Mama Espérance akiwepo, nikamgombeza kwamba amwite mtoto azungumze naye, akanijibu, "Kasoki, wakati niko muzima, niko mutu wa redio. Nikikufa, nitabakia papa tu. Na kitu niliondoa mbele ya watu, kinarudia mbele ya watu. Siku ile ndio utamwambia."

Daniella, simama kidogo, mutoto wetu. Baba yako anasema wimbo ule ni mzuri kuliko yote aliyosikia katika mji huu, alijua hivyo kabla ya kujua kwamba ni wewe, na alipojua kwamba ni wewe hakubadilisha kitu moyoni. Benny naye anaambiwa kwamba ngoma zake zinakimbia katika ubeti wa pili, azishike.

Sifa hizo sasa hazifutwi tena, kwa maana mtu pekee aliyekuwa na haki ya kuzifuta tunamzika leo. Lala, Kaka Adalbert, amani ya Bwana ikufunike.