Mama Bisibisi, Aliyevunja Diski Mbele ya Wenyewe

“Mke wangu, hii ni sebule au ni makaburi ya televisheni?”

“Makaburini hupelekwa waliokufa, hii ina shaba tele tumboni, iachie.”

“Na zile redio chini ya kitanda?”

“Zile zimelala tu, usiziamshe.”

Hivyo ndivyo wazazi wangu walivyogombana asubuhi ya Jumamosi, tarehe 14 Juni 2014, baba akivuta televisheni mbovu kuipeleka nje na mama akiivuta kuirudisha ndani, na nimeanzia hapo kwa sababu siku hiyo ndipo biashara yake ilipozaliwa, biashara iliyowafanya wengi wenu mumjue, na baadaye ikawafanya baadhi yenu muache kumsalimia.

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1978, mtoto wa nne wa fundi redio na msusi wa mikeka, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, akakaa dawati moja na msichana ambaye walimu walimwita Pacha, kwa kuwa wawili hao walicheka pamoja na kuadhibiwa pamoja, na jina hilo likamganda mwenzake mpaka leo.

Mwaka 1996 aliajiriwa kufagia ofisi, na huko aliona kompyuta mbovu zikirundikwa chini ya ngazi kama kuni zisizo na mpishi. Tarehe 9 Desemba 2000 alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa lori, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu ambaye ni fundi wa kuchomea vyuma, na mimi ninayewasomea.

Baada ya ugomvi ule wa televisheni baba alishindwa, kama kawaida yake, akawatafutia mama na Pacha kibanda cha mabati kando ya gereji, nao wakaanza kununua vifaa vya umeme vilivyokufa, wakavifungua na kuuza shaba, chuma na plastiki kila kimoja peke yake. Mama alikataa kabisa kuchoma nyaya, ingawa moto ni wa haraka, alizimenya kwa kisu kama muhogo, akisema moshi ule hauchagui mapafu ya jirani. Na kwa habari ya diski, yaani kile kisanduku kidogo kinachotunza picha na maandishi ya mwenye kompyuta, aliweka ahadi moja tu, kwamba itavunjwa kwa nyundo mbele ya mwenyewe kabla haijatoka mlangoni kwake. Kwa ahadi hiyo alipata wateja ambao hawakuwa wakimwamini mtu yeyote.

Kazi ilipokua, mama alibaki kibandani na Pacha akawa ndiye anayekwenda kuchukua mizigo. Mwezi Mei 2022 picha za wateja wa mshonaji wa magauni ya harusi, zilizopigwa wakati wanawake wale wakipimwa, zilianza kuzunguka kwenye simu za watu, na kompyuta ya mshonaji ilikuwa imechukuliwa na sisi. Mnakumbuka maneno yaliyosemwa. Mama alitemewa mate mbele ya kibanda chake.

Kaka aliniomba niruke sehemu inayofuata, nimeshindwa. Nilikuwa nyuma ya pipa nikimenya nyaya siku Pacha alipokiri mbele ya mama, kwamba alikuwa akivunja diski nyingine, mbovu, aliyokwenda nayo mkobani, na ile nzima akiiuza mjini kwa muuza kompyuta. “Mwenzangu, wewe unapiga nyundo mali nzima, mimi roho inaniuma!” alisema, kisha akashika magoti ya mama, “Mwanangu anaolewa Agosti, nisitiri mpaka ndoa ipite.” Mama akamsitiri. Ndoa ikapita, tukaimba na kucheza, na Januari 2023 Pacha akafungua kibanda chake mtaa wa nyuma, akiwaambia wateja wetu kwamba ameshindwa kufanya kazi na mtu asiyetunza siri. Mwezi huohuo niliacha shule, kidato cha pili. Nilimsihi mama aseme, akanijibu, “Mwanangu, nikishamfunika mtu, siwezi kumvua barabarani.” Mimi sikumwahidi Pacha lolote.

Mama alianza kuugua figo Novemba 2023, akalazwa mara tatu, na akafariki dunia Jumanne, tarehe 20 Februari 2024, alfajiri, baba akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotuchotea maji bila kuombwa, mafundi wa gereji waliombeba mama hadi garini huku wakimtania ili acheke, na akacheka. Tunamshukuru pia mshonaji, aliyekuja leo kumzika mama huku akiwa bado anaamini alichoambiwa. Mama, lala sasa kwa amani, nyundo yako haikumdanganya mtu.

Kabla sijakaa, Pacha naye yupo hapa, amekaa na wafiwa, na sitaki aondoke akidhani tumesahau kwamba alikuja kumwona mgonjwa. Ilikuwa Jumapili, tarehe 11 Februari. Mama alimwambia kwa sauti ndogo, “Mwenzangu, ndoa ilishapita, niondolee mzigo huu nikiwa hai.” Pacha alinyanyuka, akamfunika shuka vizuri, akaenda kuvaa viatu vyake, kisha akageuka pale mlangoni na kusema, “Wewe pumzika, usijali, siku watu wakikusanyika nitasimama mwenyewe niseme.”